UMRI WA MCHEZAJI NI MAANDISHI



Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya Kombe la Dunia la vijana. Lile la wakubwa wengi wetu tunalijua. Hili la vijana tunalisikia kidogo tu, lakini Afrika imelichukua mara nyingi.

Mashindano haya yalianza mwaka 1985 huko China, kwa vijana wa chini ya miaka 16. Nigeria iliifunga Ujerumani Magharibi mabao 2 kwa 0, ikatwaa kombe. Mwaka 1991, huko Italia, umri uliongezwa ukawa miaka 17. Safari hiyo Ghana ikashinda. Mpaka mwaka 2015 Nigeria ilikuwa imelitwaa kombe hilo mara 5.

Lakini ugomvi ulizuka. Watu waliuliza: je, hawa wote ni vijana kweli? Kijana wa miaka 20 akicheza na wa miaka 16, huo si mchezo tena. Tena anamnyang'anya mdogo wake nafasi. Sasa utajuaje? Sura haisemi umri.

Mwaka 2009 mashindano yalifanyika Nigeria. Hapo FIFA, yaani chama cha mpira cha dunia, walitumia mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Mashine hiyo hupiga picha kifundo cha mkono. Kijana anapokuwa bado anakua, ncha ya mfupa wa hapo haijaungana na mfupa wenyewe. Ikiwa imekwisha kuungana kabisa, basi mwenye mkono huo huhesabiwa kuwa amepita miaka 17.

Sisi Watanzania jambo hili limetugusa. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya vijana, walikuwa wamepata nafasi ya kwenda Gambia kwenye mashindano ya Afrika. Wakaondolewa kwa sababu mchezaji mmoja alizidi umri. Kosa la mmoja, wakakosa wote.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Umri nao ni hivyo hivyo. Mashine ile haipo kijijini kwetu, ila kalamu tunayo. Mtoto akizaliwa, tuandike siku, mwezi na mwaka siku ile ile. Kisha tumwandikishe apate cheti cha kuzaliwa. Tusingoje mpaka aitwe kwenye timu.

Maswali ya kujadili

1. Mashindano haya yalianza mwaka gani, na nani alishinda?
2. Kwa nini FIFA walipiga picha mikono ya wachezaji?
3. Nyumbani kwako, ni watoto wangapi wana cheti cha kuzaliwa?