Dondoo Muhimu: Fumbo Litoke Ndani ya Kifaa
Mbunifu wa Machakos anayetaka mchezo wa mafumbo kuhusu Misri ya kale asianze na milango yenye kufuli. Aanze na kazi halisi ya kifaa. Jiwe la Rosetta lina tangazo moja kwa maandishi ya aina tatu, na mwaka 1822 msomi Mfaransa Champollion alifumbua maandishi ya Kimisri akisaidiwa na majina ya wafalme yaliyozungushiwa mstari. Mpe mchezaji kazi hiyohiyo. Utaambiwa wachezaji hawajui historia; hawahitaji kuijua, mradi jiwe lenyewe lina dalili za kutosha. Na kwa nini Misri, ilhali hapohapo Machakos uchongaji wa vinyago umestawi Wamunyu tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza? Hoja hiyo ina uzito mkubwa, kwani wachongaji wa Wamunyu wapo na wanaulizika. Nenda ukawaulize kabla hujachora chochote.