Kabla ya Kwenda Kambi ya Asali

Mvua zikishakatika mwezi Mei, wanaume wengi wa Tabora hufunga ndoo nyuma ya baiskeli wakaelekea Sikonge, Kaliua na kwingineko kwenye misitu ya miombo. Wanakwenda kurina asali. Huko watakaa majuma kadhaa, wakilala, wakipika na kufanya kazi mahali pamoja. Wanaofundisha kazi hii huanzia kwenye mzinga. Mimi naona pa kuanzia ni kambi, kwa sababu asali nyingi huharibikia kambini wala si juu ya mti, na afya ya mrinaji hali kadhalika.

Tangulia kwa afisa nyuki wa wilaya au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) upate kibali cha kuingia msitu wa hifadhi. Uliza mipaka ya sasa, usitegemee ile aliyokuonyesha mzee wako. Sehemu ya lililokuwa Pori la Akiba la Ugalla iligeuzwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna ruhusa ya kurina. Ukishapata kibali, mwachie mtu kijijini jina la eneo unalokwenda na siku ya kurudi. Mtandao wa simu utaupoteza mapema.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na vitambaa kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo katika karne ya 19 hawakusubiri giza liwakute njiani; walisimama mapema, wakajenga vibanda na kuzungushia miiba. Nawe fika jua likiwa bado juu. Tazama miti kwanza, maana mti mkavu au tawi lililovunjika likaning'inia halichagui saa ya kuanguka. Kaa mbali na mizinga yako, hatua mia mbili hivi au zaidi.

Wageni wengi hukosea kwenye maji. Hupiga kambi kando ya mto kwa kuukwepa mzigo wa ndoo. Kiangazi kikikolea, Mto Ugalla hubaki madimbwi, na humo ndimo viboko na mamba wanamojazana. Wanyama wa pori zima wana njia zao za kwenda kunywa, nawe utakuwa umetandika mkeka katikati ya njia hizo. Lala mbali kidogo, penye mwinuko. Chota jua likishatoka vizuri ila kabla halijawa kali: viboko wamesharudi majini na nyuki hawajajaa ukingoni kunywa. Nendeni zaidi ya mmoja, mtumie ndoo yenye kamba, msiingize miguu. Maji ya kunywa yachemsheni hata yakionekana meupe.

Chakula hakina mjadala: unga, maharage, karanga, dagaa wa Kigoma, chumvi. Nyama ya porini iache, kibali cha asali si cha kuwinda.

Nguo ndizo watu huzipuuza. Pori hili lina mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Nyuki nao hukasirishwa na nguo nyeusi. Kwa hiyo ovaroli ya buluu uliyoinunua mnadani ibaki nyumbani. Vaa kaki au rangi nyingine hafifu, mikono mirefu, kitambaa kizito. Usiku lala ndani ya chandarua, maana mbu nao wapo.

Kazi yenyewe hufanyika jioni kuelekea usiku, nyuki wanapopoa. Tumia bomba la moshi, ulishe kinyesi kikavu cha ng'ombe au mti uliooza ukakauka. Mienge ya nyasi mwachie babu yako. Cheche moja mwezi Julai, nyasi zikiwa zimekauka, inaweza kuunguza msitu pamoja na maua ambayo nyuki wako wangeyatumia msimu ujao. Pale kambini fyeka nyasi kuzunguka jiko mpaka udongo uonekane, na asubuhi mwagia makaa maji, uyakoroge, uyaguse kwa kiganja.

Chukua masega yaliyofunikwa nta tu. Asali mbichi isiyofunikwa ina maji mengi na itachacha. Masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, yakichanganywa humo huiharibu ladha na bei. Ndoo ziwe za chakula, zenye mfuniko unaokaza. Iliyowahi kubeba dawa ya tumbaku haifai hata ukiisugua kwa mchanga. Asali hunyonya unyevu wa hewa na harufu ya kilicho jirani, hivyo iweke kivulini, juu ya magogo, mbali na petroli na jiko. Usikamue mchana mahali pa wazi. Nyuki watafuata harufu na kambi nzima itahama bila kupanga.

Ukiumwa na nyuki, kwangua mwiba haraka kwa ukucha, kisha ondoka hapo, kwa sababu harufu ya mwiba huwaita wengine. Mwenzenu akivimba uso au kushindwa kupumua, acheni asali, mpelekeni kituo cha afya usiku huohuo.

Jambo la mwisho linakusubiri ukisharudi mjini. Mbung'o hueneza malale, na ni ugonjwa huo uliowafanya wakoloni Waingereza wahamishe vijiji vizima magharibi mwa nchi hii kwenye miaka ya 1920 na 1930. Malale ya upande wetu huenda kasi, na huanza kama malaria: homa, kichwa, viungo kuuma. Ukipata homa majuma machache baada ya kutoka kambini, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, usirudi nyumbani na panadoli. Mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa porini, eneo gani, na kwamba uliumwa na mbung'o. Asipokuuliza, mwambie hivyohivyo.