Vitunguu vya siki vinavyolegea

*Vitunguu vya siki vitengenezwavyo nyumbani hulegea na kubaki vikali. Je, vinaweza kukaa nje ya friji?* — Msomaji, Tanga

Kulegea huko, ambako hurekebishika kwa urahisi, husababishwa na siki inayochemka kumiminwa juu ya vipande vyembamba mno, ilhali ukali hutokana na kemikali zenye salfa zinazotoka kitunguu kinapokatwa, nao hupungua vipande vikilowekwa kwanza katika maji baridi. Siki ichanganywe na maji kwa kipimo sawa, itiwe chumvi na sukari, ipashwe moto, ipoe kidogo, kisha imwagwe juu ya vitunguu vyekundu, ambavyo hugeuka waridi kwa kuwa asidi hubadili anthosiani, yaani rangi asilia ya kitunguu. Achari hii ya haraka hukaa ndani ya friji tu, kwa wiki 2 hivi. Ikiota ukungu itupwe yote, na anayetapika mfululizo baada ya kuila aende kituo cha afya.