Somo la Afya: Msongo wa Mawazo na Mlo wa Mama Mwenye Shughuli Nyingi

Mama lishe huamka alfajiri, akapika na kupakulia wateja hadi alasiri, ilhali yeye mwenyewe hajala. Chakula kipo; hamu ndiyo haipo. Hali hii huwapata pia walimu, wauguzi, wakulima na wauzaji wa sokoni, nayo ina sababu zake mwilini.

Mtu anapobanwa na jambo la ghafla, mwili hutoa homoni ya adrenalini. Moyo huenda mbio, damu huelekezwa kwenye misuli, na kazi ya tumbo hupungua. Ndiyo maana mwenye hofu hahisi njaa. Lakini msongo ukidumu kwa wiki au miezi, kama ule wa marejesho ya mkopo wa kikundi au mahitaji ya shule, homoni nyingine iitwayo kotisoli huamsha hamu ya vitu vitamu na vyenye mafuta. Hivyo mama aliyeshinda na chai na andazi hula kwa wingi usiku, hulala vibaya, na kesho yake huamka amechoka.

Wengi huamini kuwa njaa ndiyo iletayo vidonda vya tumbo. Kwa kweli, vingi husababishwa na bakteria, au na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa za maumivu. Mwenye maumivu ya tumbo na apimwe, asijinunulie dawa.

Mambo ya kuzingatia:

1. Kula kwa saa, usingoje hamu. Tenga sahani yako kabla ya kuanza kuwapakulia wengine.
2. Beba chakula chepesi: karanga, ndizi, yai au kiazi cha kuchemsha.
3. Kunywa chai walau saa moja kabla au baada ya mlo. Chai hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, ambayo mwanamke hupoteza kwa hedhi.
4. Familia igawane kazi za nyumbani, wanaume wakiwemo.

Hamu ikipotea kwa zaidi ya wiki mbili, uzito ukipungua bila sababu, au huzuni na kukosa usingizi vikizidi, fika zahanati iliyo karibu. Malaria, kifua kikuu na ujauzito pia huondoa hamu ya kula. Kipimo ndicho kitakachobainisha. Kwa matatizo ya kifamilia yaletayo msongo, muone Afisa Ustawi wa Jamii.