SOMO LETU: MAJI NDANI YA TANGI LA HEWA YANATOKA WAPI?



Wengi wetu tunafanya kazi karibu na kompresa, mashine inayoshindilia hewa ndani ya tangi la chuma. Ukifungua koki iliyo chini ya tangi hilo, maji hutoka, mara nyingi yakiwa na rangi ya kutu. Hakuna aliyetia maji humo. Basi yametoka wapi? Yafaa tujue, kwa kuwa tangi lililoliwa na kutu kwa ndani laweza kupasuka na kuua.

Tuanze na jambo ambalo kila mkulima wa Mudende analijua. Mudende iko juu, zaidi ya mita 2,000, na usiku wake ni wa baridi. Asubuhi majani yamelowa umande hata kama mvua haikunyesha. Maji hayo yalikuwa hewani, yakiwa mvuke usioonekana. Mita 1 ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 25 inaweza kubeba gramu 23 hivi za mvuke. Ikipoa hadi digrii 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na kitu. Kinachozidi hugeuka matone. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kupata maji kutoka hewani: kuipoza hewa.

Njia ya pili ni kuishindilia. Hewa ni mchanganyiko wa gesi: naitrojeni, oksijeni, mvuke wa maji na nyingine chache. Mwaka 1801 Mwingereza John Dalton alieleza kwamba kila gesi katika mchanganyiko hutoa fungu lake la presha kana kwamba iko peke yake. Presha tunayoisoma ni jumla ya mafungu hayo. Na kila gesi ina mpaka wake, unaotegemea joto. Fungu la mvuke likifika mpakani, mvuke unaozidi huwa maji, ingawa naitrojeni na oksijeni zinabaki gesi.

Tufanye hesabu. Siku ya unyevu pale Mudende, mita 10 za ujazo za hewa hubeba gramu 100 hivi za mvuke. Kompresa inazishindilia zote ziingie katika mita 1 ya ujazo, na geji inasoma karibu baa 7. Tangi likipoa hadi digrii 20, nafasi hiyo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 za mvuke. Gramu 83 zilizobaki lazima ziwe maji. Kompresa inayofanya kazi kutwa hurudia jambo hilo mara nyingi, ndiyo maana tangi hujaa lita nzima za maji.

Angalieni jambo moja. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na ikiwa ya moto hubeba mvuke mwingi. Kwa hiyo mashine inapofanya kazi kwa nguvu tangi laweza kuonekana kavu. Maji hutokea baadaye, hewa ikishapoa.

Kanuni hii inatumika pia katika gesi ya Ziwa Kivu. Kuanzia mwaka 1963 methani kutoka kituo cha Rubona ilipelekwa kiwanda cha bia cha Bralirwa, Gisenyi, kuchemshia maboila. Tangu mwisho wa mwaka 2015 mitambo ya KivuWatt kule Karongi inazalisha umeme kwa gesi ya ziwa hilo. Gesi inayotoka majini ni mchanganyiko wa methani, kaboni dioksaidi na mvuke. Ukiishindilia kisha ukaipoza, mvuke ndio unaotangulia kuwa maji. Maji hayo yakinywa kaboni dioksaidi huwa na ukali wa tindikali na kula mabomba ya chuma. Kwa hiyo gesi ya namna hiyo hukaushwa.

Wengine huuliza: mbona methani haigeuki maji-maji kama gesi ya kupikia ya mitungi? Sababu ni mpaka wa joto. Propani ya mtungini, kwa digrii 20, huwa maji-maji kwa presha ya baa 8 na kitu. Methani yenye joto zaidi ya digrii 82 chini ya sifuri haiwezi kuwa maji-maji, hata ukiishindilia namna gani.

Sasa tufanye nini kazini?

1. Kila mwisho wa zamu, tangi likishapoa, fungua koki ya chini polepole, umesimama kando, mpaka hewa tupu itoke.
2. Usigonge wala usichomelee tangi lenye presha.
3. Usiifunge wala kuikaza valvu ya usalama ili presha ipande zaidi.
4. Ukiona kutu, ufa au unyevu kwenye maungio, simamisha mashine na umwarifu msimamizi na mjumbe wa chama.
5. Tudai tangi lipimwe na fundi anayejua, na tarehe ya kupimwa iandikwe mahali pa kuonekana. Muda wa kumwaga maji ni sehemu ya kazi, usikatwe katika mapumziko.

Maswali ya kujadiliana tawini: Kwa nini maji mengi hupatikana asubuhi kuliko mchana? Katika kazi yenu nani amekabidhiwa koki ya tangi, na asipokuwepo nani anashika nafasi yake?