Niliyojifunza Utumbo wa Mwanangu Ulipojimeza

1. Kilio chenye vituo kina lake. Mwanangu alikuwa na miezi saba. Alilia ghafla, akakunja magoti hadi tumboni, kisha akanyamaza, akachezea kijiko. Robo saa haijaisha, kilio kimerudi. "Chango hilo, mama," mama mkwe akasema, akachemsha mizizi. Simlaumu, nami niliamini hivyo hivyo. Zahanati tuliyoanzia ilitupa dawa ya minyoo.

2. Angalia nepi. Usiku alitapika kijani. Alfajiri nepi ilikuwa na ute mwekundu, kama mlenda uliomwagiwa rozela. Kinyesi hamna.

3. Kutoka kwetu Chunya hadi hospitali Mbeya ni kilomita 70 na ushee, lami, lakini mlima na ukungu wake havijui kama una mgonjwa. Nilivaa sweta, na sweta hilo ndilo lililonifumbua macho: daktari aliushika mkono wa sweta, akausukuma uingie ndani yake wenyewe. "Mama, utumbo umefanya hivi." Kipande kikiingia huburuta na mishipa yake ya damu, kikibanwa kinavimba, kinavuja damu, kikicheleweshwa kinaoza.

4. Nilitaka wa kumlaumu. Uji niliomwanzishia? Chanjo ya rota? Daktari alisema kwa watoto wa umri ule mara nyingi chanzo hakionekani. Hushukiwa virusi: baada ya mafua au kuhara, vitezi vya ukutani mwa utumbo huvimba, na utumbo, ambao kazi yake ni kusukuma, huukamata uvimbe ule na kuusukuma kama chakula. Nikakumbuka makamasi ya wiki mbili nyuma. Kwa mtoto mkubwa zaidi ndipo hutafutwa polipu, au kifuko cha Meckel alichozaliwa nacho. Kuhusu chanjo, hofu ina asili yake: RotaShield iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1999 kwa tatizo hili hili. Lakini hii yetu, iliyoanza Tanzania mwaka 2013, ilifuatiliwa katika nchi saba za Afrika, yetu ikiwemo, na matokeo ya 2018 hayakuonyesha hatari kuongezeka. Tena wangu alichanjwa akiwa na wiki 6 na 10. Nilikuwa nahesabu vibaya kwa sababu ya hasira.

5. Penye vifaa, utumbo hurudishwa kwa hewa inayopulizwa kupitia njia ya haja kubwa. Wangu alipasuliwa. Haukuwa umeoza, wakaukamua taratibu ukarudi. Kilichobaki kilikuwa kusubiri upepo. Siku ya tatu alijamba, na wodi nzima ya kina mama ikapiga vigelegele.