Kufundisha Uchaguzi wa Oili na Usuuzaji wa Injini Kuukuu

Miongoni mwa mada ambazo mwalimu mwanafunzi hupenda kuzikwepa wakati wa mazoezi ya kufundisha ni zile zihusuzo mitambo. Hudhani kwamba bila ya gari mbele ya darasa, au bila ya yeye mwenyewe kuwa fundi, hana la kusema. Dhana hiyo si sahihi. Mada ya oili ya injini, mathalani, yaweza kufundishwa vema kwa kopo moja, msumari, karai la maji ya moto na chupa yenye tope. Na ndani yake mna sayansi ya kutosha vipindi viwili vya darasa la sita au la saba.

Aidha, hii ni mada ambayo watoto huja nayo darasani wakiwa na imani zao tayari. Wamesikia gereji na vituoni kwamba gari kuukuu hutaka oili nzito, kwamba oili iliyogeuka nyeusi imekwisha kuharibika, na kwamba injini chafu husafishwa kwa kumiminiwa dizeli au mafuta ya taa. Kila moja ya imani hizo ina chembe ya ukweli, na hapo ndipo penye hatari. Mwenye gari moja tu, ambalo ndilo riziki ya nyumba yake, aweza kuipoteza injini kwa siku moja kwa kufuata kauli ambayo ingelifaa gari la jirani. Kazi ya mwalimu basi si kuwapa wanafunzi kauli nyingine badala ya zile, bali ni kuwazoeza kupima kabla ya kuhukumu.

Kipindi cha kwanza kianze kwa swali: oili hufanya kazi gani ndani ya injini? Karibu wote watajibu kuwa inalainisha. Jibu hilo lisiachwe hapo. Oili hupoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, huziba nafasi ndogo iliyopo kati ya ringi za pistoni na silinda, huzuia kutu, tena hubeba masizi na uchafu hadi kwenye filta. Kazi hii ya mwisho iandikwe ubaoni na isifutwe, kwani itahitajika tena katika kipindi cha pili.

Kisha lifuate jaribio la mnato. Toboa kitako cha kopo kwa msumari. Kopo moja latosha, na ni bora kuliko mawili, kwa sababu matundu mawili hayawi sawa kamwe hata yakitobolewa na mkono mmoja. Jaza oili mpya katika chupa mbili kwa kiasi kilicho sawa. Moja iwekwe ndani ya maji ya baridi na ya pili ndani ya karai la maji ya moto. Oili isipashwe motoni kwa hali yoyote. Kabla ya kumimina, kila mwanafunzi aandike daftarini ni ipi itakayotangulia kwisha na kwa nini. Ndipo oili ya kila chupa ipitishwe katika kopo lile lile, darasa likihesabu sekunde kwa sauti. Matokeo yaandikwe katika jedwali. Namba watakazozipata zitakuwa zao wenyewe, wala hazitalingana na za shule nyingine, lakini mwelekeo utakuwa mmoja: oili yenye joto hupita upesi zaidi.

Baada ya jaribio hilo, si kabla yake, liletwe galoni tupu lenye maandishi. Tuseme limeandikwa SAE 20W-50. Herufi tatu za mwanzo ni za chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, ambacho kilianza kuainisha oili kwa mnato wake mwaka 1911. Herufi W inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake hueleza tabia ya oili katika baridi kali: oili ya 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 za Selsiasi chini ya sifuri, na ya 15W kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ili kujua kama injini itaweza kuzungushwa na kuwaka. Namba ya mwisho hutokana na kipimo cha mnato kwenye nyuzi 100. Oili ya 40 huanzia milimita za mraba 12.5 kwa sekunde na haifiki 16.3, ya 50 huanzia hapo 16.3 na haifiki 21.9. Kwa hiyo namba 50 yenyewe si kipimo cha kitu chochote. Ni jina la fungu.

Hapa wanafunzi wengi hukosea, na baadhi ya walimu pia. Huona 20 kisha 50, wakafikiri kwamba oili hiyo ni nyepesi ikiwa baridi na huwa nzito ikipata moto. Usiwakemee. Warudishe kwenye jedwali la sekunde na uwaulize kama wameona oili yoyote iliyozidi kuwa nzito kwa joto. Wakishakubali kwamba hawakuiona, waelewe kuwa kila oili huwa nyepesi inapopata moto. Hii ya 20W-50 hupungua mnato kwa kiasi kidogo zaidi, hata ifikapo nyuzi 100 bado imo katika fungu la 50.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri ipo wapi kwetu? Haipo mijini mwetu. Hata Njombe na Makete, ambako sakitu huonekana mwezi wa Juni na Julai, baridi haifikii kiwango hicho. Katika nchi zetu basi namba ya kwanza haiamui kama gari litawaka. Lakini haikosi maana, kwa kuwa oili iliyo nyepesi asubuhi hupanda upesi hadi kwenye valvu, na uchakavu mwingi hutokea katika dakika hizo za kwanza.

Je, gari kuukuu litiwe oili gani? Jibu la kwanza ni kitabu cha gari lenyewe. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1970 yaliandikiwa 20W-50, nayo hiyo huyafaa hadi leo. Jibu la pili ni hali ya injini, wala si umri wake. Gari la miaka thelathini lililotunzwa laweza kuwa na beringi nzuri kuliko la miaka minane lililotelekezwa. Iwapo kijiti cha kupimia kinaonyesha oili ikishuka kila wiki, na moshi wa bluu unatoka, kuna sababu ya kupanda fungu moja, kwa mfano kutoka 30 hadi 40. Hiyo ndiyo chembe ya ukweli niliyoitaja. Lakini oili nzito haitengenezi ringi zilizolika; hupunguza dalili tu, na katika injini yenye njia nyembamba za oili huchelewesha oili kufika juu. Kuhusu herufi za ubora, S ikitangulia, oili ni ya injini za petroli, na C ni ya dizeli. Herufi inayofuata ikiwa mbele zaidi katika alfabeti, daraja ni jipya zaidi, kama vile SF ya mwaka 1980 na SP ya mwaka 2020.

Kipindi cha pili kihusu kusuuza injini. Chukua chupa yenye maji na tope lililotuama, funga mdomo wake kwa kitambaa chepesi, kisha uiinamishe polepole. Maji yatapita. Sasa itikise kwa nguvu na uiinamishe tena: kitambaa kitaziba na maji yatatoka kwa matone. Wanafunzi watambue wenyewe kwamba tope halikuongezeka hata chembe. Lililobadilika ni kwamba limeamshwa lote kwa pamoja. Ndani ya sampu ya injini, mbele ya pampu, mna wavu wa kunyonyea oili unaofanana na kitambaa hicho. Ukiziba, beringi hukauka na injini hukwama.

Ndipo wapewe magari matatu ya kuyaamua kwa vikundi. La kwanza limebadilishwa oili kwa wakati wote, na chini ya kifuniko cha oili chuma ni kisafi ingawa oili ni nyeusi. Kikundi kikisema lisuuzwe, kionyeshwe maneno yaliyobaki ubaoni: oili hubeba masizi. Weusi wake ni ushahidi kwamba inafanya kazi. La pili halina historia inayojulikana. Chini ya kifuniko pana utando wa hudhurungi, na taa ya oili haina kasoro. Dawa ya kusuuzia yaweza kutumika hapa kwa kufuata dakika zilizoandikwa koponi, injini ikiwa na joto na bila ya kukanyaga mafuta. Mimi napendelea njia ya polepole zaidi: oili mpya na filta mpya, kisha zibadilishwe tena baada ya kilomita 1,500 hivi, mara mbili au tatu, ili viungo vya kusafishia vilivyomo katika oili viondoe uchafu kidogo kidogo.

La tatu ndilo la kujadiliwa kwa muda mrefu. Chini ya kifuniko mna tope zito kama uji uliopoa, na taa ya oili humeta injini inapowaka bila ya kukanyagwa mafuta. Vikundi vingi vitasema hili ndilo hasa linalohitaji kusuuzwa. Warudishe kwenye chupa. Dawa, na zaidi dizeli au mafuta ya taa ambayo pia huvunja mnato wa oili, itaamsha tope lote kuelekea kwenye wavu ambao pengine umeanza kuziba. Gari hili lafaa kufunguliwa sampu, wavu na sampu vikasafishwa kwa mkono, na beringi zikaguliwe kwa kuwa taa hiyo yaweza pia kuashiria kulika kwake. Rangi ya oili ikiwa kama chai ya maziwa, jambo la kwanza ni kutafuta maji yanapoingilia, kwani gaskiti iliyoungua haiponi kwa kusuuzwa.

Oili chafu isiguswe na watoto. Kugusa oili hiyo mara kwa mara kwa miaka mingi kwaweza kuleta kansa ya ngozi. Isimwagwe uani kuzuia vumbi, wala isipakwe nguzo za uzio kwa ajili ya mchwa, ingawa jambo hilo limezoeleka. Ikusanywe katika galoni lenye kifuniko na ipelekwe gereji inayopokea oili ya namna hiyo. Kwa zoezi la nyumbani, kila mwanafunzi amwulize dereva au fundi mmoja kwa adabu ni oili ipi anayotumia, na aandike sababu aliyopewa. Kipindi kijacho kianze kwa kuzitenga sababu zilizotokana na kupima na zile zilizotokana na mazoea.